Ngozi Iliyopima Shingo ya Tata Kathure

Harufu ya ngozi mbichi ya mbuzi ikikaukia juu ya moto wa kuni, hiyo huwezi kuisahau hata ukae mjini miaka mingapi. Si harufu mbaya, si harufu nzuri, iko hapo katikati, nusu nyama nusu kiatu, na inaingia kwa nguo, kwa nywele, mpaka kwa chai. Jikoni kwa cucu yangu, yaani nyanya, mama wa baba, karibu na Muthara, hiyo harufu ilikaa sana kwa sababu ya kipande kimoja tu cha ngozi, chembamba kama mshipi wa mtoto, kilichokuwa kinaning'inia kwenye itara. Itara ni ile dari ya fito juu ya mafiga, pahali mama wa Kimeru anaweka mbegu ya mahindi, na kuni za kesho, na kitu chochote ambacho hataki kipotee. Basi hicho kipande cha ngozi kilikuwa kimeshika maisha ya shangazi yangu, na mimi ndiye mtoto aliyekuwa analala hapo jikoni na cucu, nakitazama mpaka usingizi unanichukua. Wacha niwaambie vile ilikuwa. Kama kuna pahali hamtaelewa msijilaumu, hata mimi nimezeeka nalo na sijaelewa vizuri.

Hiyo ilikuwa baada ya uhuru, lakini si mara moja baada. Uhuru ulikuwa umeshazoeleka, watu wamerudi kulalamika kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele. Shule nilienda kidogo, nikajua kusoma Biblia na bei ya vitu dukani, kisha ikaonekana kuna watoto wa kulea nyumbani, shule ikaishia hapo. Kwa hivyo nikisema habari ya chumvi msifikiri nimesomea. Ninasema ile niliila.

Na chumvi siku hizo haikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na udongo wa chumvi, ule ng'ombe walipelekwa kuramba kule bondeni, wanaukimbilia kama watoto wameona sukari, na mama mwenye mimba naye akipita hapo anachota kidogo anafunga kwa leso, anaenda akiramba njiani. Kulikuwa na majivu ya maganda ya ndizi, unayachuja na maji, hayo maji unapikia maharagwe yanalainika na yanapata ladha. Kulikuwa na magadi. Na kulikuwa na chumvi ya duka, ya mawe mawe, imekaa kwa gunia wazi, mwenye duka anakupimia na kopo, ukifika nyumbani unaiosha kwanza kwa sababu panya wameipitia kabla yako. Vyote hivyo tulikula, na bado tulikuwa na shingo. Nikisema shingo ninasema ule uvimbe wa mbele, wengine wanauita rovu. Huko kwetu milimani wanawake wengi walikuwa nao, kwa mwingine kama yai la kuku, kwa mwingine kama parachichi. Hakuna mtu alishangaa. Ilikuwa ni kama mtu kuwa na masikio makubwa. Cucu alikuwa nao, jirani alikuwa nao, na sisi wasichana tukicheza mchezo wa nyumba tulikuwa tunaingiza kiazi kwa kola ya nguo, ndiyo uonekane kweli ni mama mwenye boma lake.

Sasa Tata Kathure. Tata kwetu ndiyo shangazi, na huyu alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Msichana mrefu, wa kucheka haraka, na mkono wake shambani huwezi kuulaumu. Shingo yake haikuwa kubwa sana, ilikuwa kama ndimu iliyoiva. Akapendana na kijana mmoja anaitwa Njeru, Mmbeere kutoka nchi ya chini ya Embu, kule kwa joto, aliyekuwa analeta asali na ndengu kuuza soko la Muthara. Mwanzoni alikuja na asali. Baadaye akawa anakuja hata kama asali imeisha, anakaa tu pale sokoni anauliza bei ya vitu ambavyo hanunui. Cucu akasema huyo kijana au ni mgonjwa au anataka mke.

Alitaka mke. Siku moja watu wake wakapanda kuja kuulizia msichana, na mbuzi wakaja nao, na mtu muhimu kuliko wote alikuwa mama yake. Baba yake Njeru alikuwa ameshafariki, kwa hivyo huyo mama ndiye alikuwa sauti. Mama Njeru alikuwa mwembamba, mkavu, mtu wa kuangalia kabla ya kuongea. Mbuzi mmoja akachinjwa, chakula kikaletwa, na yeye akawa anaangalia shingo ya tata. Akaangalia ya cucu. Akaangalia ya wale majirani waliokuja kusaidia kupika. Akaweka sahani chini.

"Kwetu," akasema, "mbuzi akizaliwa na shingo kama hiyo, hatumwachi azae."

Baba yangu akamwambia kwa upole kwamba huku milimani hicho ni kitu cha kawaida, watu wengi wako nacho. Mama Njeru akasema hiyo ndiyo inamtisha zaidi. Na niwaambie ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume tu, alitaka wajukuu, na aliuliza swali la maana: hiyo shingo itaingia kwa watoto ama haitaingia? Wazee walikohoa. Njeru aliangalia miguu yake. Tata alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha uji, hajui aingie ama arudi.

Ndipo Mama Njeru akaomba kisu. Akaenda kwa ile ngozi ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi, bado imelowa, akakata mshipi mrefu. Kwanza akajifunga mwenyewe shingoni, ncha zikapandana upana wa kiganja kizima, akatuonyesha sisi wote akizunguka, ndiyo tuone shingo ya mtu inavyotakiwa kuwa. Halafu akamfunga tata. Ncha zikagusana tu, zikaisha hapo. Akasema sawa. Wao watangoja misimu miwili ya mavuno. Wakirudi na hiyo ngozi ipandane shingoni kwa Kathure hata kidogo, mbuzi wengine watakuja na harusi itakuwa. Isipopandana, kila mtu achukue njia yake bila chuki. Wazee wakaona ni neno la haki. Mshipi akapewa cucu auweke, kwa sababu cucu alijulikana hadanganyi, na cucu akaufunga kwenye itara juu ya moto, pahali salama kuliko pote alipopajua.

Sasa kazi ikawa, shingo inapunguzwaje? Tata akateremka dispensari. Mimi nikaenda naye kumsindikiza, na yale nesi alisema yalinichanganya kichwa mpaka leo. Alisema huo si ugonjwa wa kurogwa, wala si wa kubeba mizigo kwa kichwa. Ni kukosa kitu. Kuna madini kidogo sana, ukikusanya ya mwaka mzima hayajazi hata kijiko cha chai, lakini mwili ukiyakosa hiyo shingo inavimba ikiyatafuta. Akasema kwetu milimani mvua imeosha udongo miaka na miaka, madini yakateremka na mito mpaka baharini, kwa hivyo chakula chetu kinamea vizuri lakini hakina hicho kitu. Tata akauliza, sasa kiko wapi? Nesi akasema kiko kwa samaki wa bahari. Tukaangaliana. Wakati huo kumwambia Mmeru wa kwetu ale samaki ni kumwambia ale nyoka. Nesi akaona sura zetu, akasema basi, kuna chumvi mpya inakuja kwa paketi, imetiwa hayo madini. Tusiioshe. Tusiiache wazi. Tuitie chakula kikiwa kinatoka motoni.

Nyumbani cucu akasikia hiyo habari na akakasirika kama ametukanwa yeye mwenyewe. Udongo wetu unakosa nini? Udongo unaotoa viazi vikuu mtu mmoja hawezi kubeba, unaotoa ndizi na miwa, unakosa kitu ambacho kiko kwa mchanga wa bahari, ambao haumei hata majani? Na kama mvua imeosha huo udongo, mbona inakatazwa kuosha chumvi lakini nguo inaoshwa na haivimbi? Hilo swali lilinishinda. Nilimuuliza baba akaniambia niende nichote maji.

Kisha sokoni Muthara kukaanza maneno. Ati hiyo chumvi ya paketi imewekwa dawa ya kuzuia watu kuzaa. Mama mmoja alisema amesikia kutoka kwa dada yake wa Embu, mwingine akasema kuku wake aliokota chembe zake akaacha kutaga. Angalieni vile tata alikuwa amebanwa. Asipokula, shingo inabaki na Njeru anaenda. Akila, na maneno ya sokoni yawe ya kweli, ataenda kwa Mama Njeru na shingo nzuri na tumbo tupu, na yule mama alichotaka ni wajukuu. Cucu akasema nyungu yake haitaguswa na hicho kitu. Tata hakubishana. Alinunua sufuria ndogo na pesa ya maharagwe yake, akaiweka kwa jiwe lake pembeni ya mafiga, akawa anajipikia peke yake. Msichana wa nyumba nzima ya watu anakula peke yake kama mgeni asiyeaminika.

Mimi nikawa nakaa upande wake, naonja kidogo. Aliniuliza kama siogopi, nikamwambia mimi bado sina meno, kuzaa kutangoja. Alicheka mpaka githeri, yale mahindi na maharagwe, ikampalia. Lakini kuna jioni nilimkuta ameshika ile paketi ya chumvi anaitazama tu, chakula kinapoa, na hakuwa anacheka. Aliniambia, "Nikikosea hapa, nimekosea pande zote mbili." Akatia chumvi, akakoroga, akala. Hivyo ndivyo alivyokula msimu wa kwanza na msimu wa pili, na ile ngozi iko juu yetu kwenye moshi, na hakuna mtu aliruhusiwa kuishusha kabla ya siku yake, kwa sababu cucu alisema ushahidi hauchezewi.

Siku yake ikafika, maharagwe yakiwa yamepigwa yako uani. Mama Njeru akaja na Njeru na wazee wawili, na mbuzi wengine wakafungwa uani. Wakala, na hapo niseme kitu kimoja: siku hiyo tata ndiye alipika, kwa hivyo wageni wote walikula ile chumvi ya paketi bila kujua. Cucu akapanda kwenye kigoda akafungua mshipi kwenye itara. Ulikuwa umekauka, umekuwa mweusi, umejikunja kama ganda la maharagwe. Akaupangusa na kanga yake, akaunyoosha na mikono taratibu, akampa Mama Njeru. Tata akapiga magoti. Mshipi ukazungushwa shingoni, na ncha hazikupandana. Hata kugusana hazikugusana. Katikati paliingia vidole viwili.

Kuku walikuwa wanapekua maharagwe uani na hakuna mtu aliwafukuza.

Tata akasimama, akaingia ndani, akatoka na blauzi yake ya kanisa. Hiyo blauzi ilikuwa na kifungo cha juu ambacho hakikuwa kimefungika tangu ashonewe. Akaivaa juu ya nguo yake mbele ya wazee, akafunga kifungo mpaka juu kabisa, akageuka huku na huku. Ikatoshea. Sasa ikawa ni shida mpya. Ngozi inasema shingo imekua, blauzi inasema imepungua. Mzee mmoja akasema kifungo kimehamishwa. Tata akasema waangalie uzi. Wakaangalia uzi, uzi ulikuwa wa fundi. Baba yangu akasema labda vyote viwili ni kweli, na hapo wote wakamwangalia kama amelewa. Lakini aliyeniumiza ni cucu. Mama Njeru alimuuliza kama kuna mtu yeyote amegusa hiyo ngozi, na cucu, na machozi yako kwa macho, akasema hakuna. Akasema yeye ndiye ameilinda, na kama ngozi imesema hivyo, hawezi kuisemea uongo hata kwa mtoto wake.

Njeru ndiye aliongea hapo, na hakuwa mtu wa kuongea.

"Mama, mimi sikuja kuoa ngozi."

"Na mimi sikuipika hiyo ngozi," Mama Njeru akamjibu. "Tulikubaliana wote. Au wewe ulikuwa unachunga nyuki siku hiyo?"

Mbuzi wao wakaanza kufunguliwa kamba. Ndipo tata akachukua ule mshipi chini ulipokuwa umeanguka, akaupangusa, akaushika na mikono miwili kama mtu anayetoa kitu kwa heshima.

"Mama," akasema, "mara ile ulianza na wewe. Anza na wewe tena, ndiyo niende kulala nikijua."

Mama Njeru hakuona ubaya. Akajizungushia mshipi shingoni, na mkono wake ukasimama. Siku ile ulipandana kiganja kizima. Sasa ulipandana kidole. Akaufungua, akauzungusha tena. Kidole. Akamwita mzee mmoja amfungie kwa nyuma, labda yeye anakosea. Mzee akafunga, akakohoa, akasema, "Mama Njeru, na wewe umeanza."

Sijawahi kuona uso wa mtu unabadilika hivyo. Alijishika shingo na mikono miwili, akaketi kwa gunia la maharagwe. Akauliza ni kitu gani amekula kwetu. Akauliza kama inaambukizana kwa kikombe. Majirani waliokuwa wamekuja kutazama wakaanza kujishika shingo zao pia, kila mtu anameza mate kwa makini asikie kama kuna kitu kimeongezeka. Cucu akaacha kulia, akampelekea maji, akamshika begani, na kwa mara ya kwanza wale wanawake wawili wakaongea kama wanawake. Cucu akamwambia haiumi, hata mtu anazoea. Mama Njeru akauliza kama kuna dawa. Na tata yangu, huyo ambaye mbuzi wake walikuwa wameshatolewa mpaka njiani, akaingia ndani akamletea paketi ya chumvi ambayo haijafunguliwa.

Mbuzi wakarudishwa. Mama Njeru angesema nini? Hangeweza kumkataa msichana kwa shingo ambayo yeye mwenyewe ameanza kuiotesha, na huyo msichana ndiye alikuwa anajua kuitibu. Alimwambia tata, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, "Njoo basi, mwanangu, tuvimbe pamoja." Harusi ilikuwa kabla ya mvua. Tata akateremka nchi ya joto, akazaa wasichana watatu na mvulana mmoja, kwa hivyo maneno ya sokoni yakaisha yenyewe, na shingo yake ikaendelea kunywea mpaka ikawa kama ya mtu yeyote. Mama Njeru alitia chumvi kwa kila kitu mpaka alipokufa, hata kwa uji, na kila Krismasi alikuwa anamwomba mtu mmoja wa kwetu amtazame shingo na mwanga mzuri.

Mimi nilikuwa mama wa watoto wawili wakati nilisahau viatu vya ngozi vya bwana yangu karibu na moto baada ya kulowa, na asubuhi vikawa vimenywea, vikakataa mguu wake. Nilikaa na hicho kiatu mkononi mpaka chai ikamwagika. Nilitaka kukimbia kumwambia cucu, na cucu alikuwa ameshazikwa. Baadaye nikafikiri tena nikachanganyikiwa upya. Kama ile ngozi ya itara ilinywea kwa moto, je, blauzi nayo haikunyooka kwa kufuliwa? Ilikuwa chumvi iliyomponya tata, au nchi mpya aliyoenda, au furaha? Nesi alisema madini. Cucu mpaka kifo alisema harusi ililetwa na wale mbuzi wa Embu, hawakupenda kurudi nyumbani.

Siku hizi nakaa na binti yangu huko Kinoru, mjini Meru, na nikienda Makutano naangalia shingo za wasichana. Zote laini, ndefu, zimewekwa mikufu, hakuna hata moja yenye ndimu. Wajukuu wangu nikiwaambia tulikuwa tunaweka kiazi kwa kola wananiambia, shosho, wacha hizo. Hawajui hata jina la hicho kitu. Wanarusha chumvi kwa chipsi bila kuiangalia, na hakuna anayejua kuna msichana alikula peke yake kwa sufuria ndogo akiogopa. Inanifurahisha na inanichoma kidogo. Na juzi tu nilienda kliniki, kijana wa huko akanifunga mkono, akapampu, akaniambia mama, presha iko juu, punguza chumvi. Nikamwambia siku zile tuliambiwa ni dawa. Akaniambia ndiyo, ni dawa, punguza. Binti yangu amechukua kopo la chumvi ameliweka pahali sijui.

Nikampigia tata simu kule Embu, nimlilie. Kumbe hata yeye ameambiwa hivyo hivyo, na amekataa kabisa. "Wewe," akaniambia, "hiyo chumvi ndiyo ilinipa bwana. Wakiniambia niiache ni kama wananiambia nimrudishe." Na kwa nyuma nikasikia sauti ya Njeru, mzee wa fimbo sasa, anauliza ni nani anarudishwa, na anarudishwa wapi.